Aliyeumia Kichwa Ahitaji Mwenzake



Hapa Mokambo barabara hutuletea chakula, nayo hutuletea majeraha pia. Malori huenda Mufulira na kurudi, na pikipiki hupenya katikati yao. Mtu akianguka na kupigwa kichwa, twamkimbiza hospitali. Jeraha likikauka twasema, "Amepona, Mungu asifiwe." Kisha twamwacha.

Lakini ubongo hauponi upesi kama ngozi. Kwa miezi mingi, hata miaka, mtu huyo aweza kusahau, kuchoka upesi, kusumbuliwa na kelele, na kushikwa na hasira pasipo sababu. Jamaa husema ni mvivu. Jirani husema amelewa. Hata kanisani wengine husema ana pepo. Mimi nasema wazi: tumekosa. Huyo ana ubongo uliojeruhiwa.

Nilimjua ndugu mmoja aliyejificha nyumbani kwa aibu, kwa kuwa alisahau majina ya watoto wake. Mahubiri yangu hayakumwinua. Siku moja akaja mzee aliyepata kuumia vile vile zamani, akamwambia, "Na mimi nilisahau. Niliyaandika katika daftari, nikayasoma kila asubuhi." Yule ndugu akalia, kisha akaomba daftari.

Wengine watauliza, kipofu atamwongozaje kipofu? Nami najibu: mzee yule si kipofu, ametangulia njiani. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba aliyefarijiwa na Mungu aweza kumfariji mwenzake. Huko Marekani, mwaka 1980, Marilyn Price Spivack, ambaye binti yake aliumia ubongo katika ajali ya gari, alianzisha chama cha kuwasaidia watu hao na jamaa zao.

Basi, kanisa litenge saa moja kila juma, mahali penye utulivu. Watu wawili au watatu watosha. Wazungumze polepole, mmoja mmoja, na jamaa zao wasikie. Waonyane juu ya pombe, kwani yaudhuru ubongo ulioumia. Tena mwenye dawa za kifafa asiziache kwa sababu amepata rafiki. Na aliyepigwa kichwa akianza kutapika, au kusinzia isivyo kawaida, au kushikwa na kifafa, apelekwe hospitali mara moja.

Yule mwenye kupooza alifika kwa Yesu kwa sababu watu wanne walimbeba. Jumapili hii, baada ya ibada, nendeni mkamtembelee aliyejificha. Nawe uliyepona, tangulia.