Kelele Inayofuata Picha na Kelele Inayoifunika

KANDO YA MTO
Na Amina Komora

Jumba la sinema lenye viti vya kukunja, zulia na tiketi za namba halipo Garsen, wala halipo Hola yaliko makao makuu ya kaunti. Mkazi wa Tana River anayetaka kuketi katika jumba la namna hiyo husafiri hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen. Kinachopatikana karibu ni kibanda cha video: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja, spika mbili na kiingilio cha sarafu chache. Humo hutazamwa mpira wa Ulaya na muvi, na humo hakuna anayetazama kimya. Adui akimnyemelea stelingi, benchi zima humwonya. Stelingi akiponyoka, makofi na miluzi husikika hadi barabarani. Akipigwa, kila mtu ana ushauri wa kumpa.

Mgeni aliyezoea majumba ya mjini huona huo ni ushamba. Hoja hiyo haisikiki vibandani tu. Aprili 2025, filamu ya A Minecraft Movie ilipoanza kuonyeshwa Marekani na Uingereza, vijana walipiga mayowe na kurusha bisi ilipofika sehemu moja ya filamu waliyoingojea kwa hamu, hata baadhi ya majumba yakabandika maonyo. Novemba 2023, katika mji wa Malegaon nchini India, mashabiki wa mwigizaji Salman Khan waliwasha fataki ndani ya ukumbi wakati wa filamu ya Tiger 3, na waliokaa karibu wakakimbia kuokoa maisha yao. Kwa hiyo swali la kushangilia ukumbini ni la London kama lilivyo la Garsen. Jibu lake linataka kwanza kujua ukimya unaodaiwa ukumbini ulitoka wapi.

Ukimya si asili ya sinema. Tangu ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipoonyesha picha zao mjini Paris mwaka 1895, filamu zilikaa zaidi ya miaka 30 bila sauti zao wenyewe, na kumbi zilijaa sauti za watu. Palikuwa na mpiga piano, palikuwa na watoto waliosomewa maandishi na wazazi wao, na nchini Japani palikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia akieleza kisa na kuigiza sauti za wahusika. Wapo waliolipa kiingilio kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya filamu. Mambo yalibadilika filamu zilipoanza kusema, na mwaka 1927 wa The Jazz Singer ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa zama hizo. Mazungumzo ya wahusika yalipokuwa sehemu ya kisa, jirani aliyepiga domo alimwibia mwenzake neno ambalo halitarudiwa. Ukumbi wenye giza nao ulikuwa umekwisha kupata heshima tangu mtunzi wa opera Richard Wagner alipopunguza taa za ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876, ili macho yote yaelekee jukwaani.

Kwa ufupi, mtazamaji alinyamaza kwa sababu filamu ilianza kusema lugha anayoielewa. Sababu hiyo ina uzito, lakini ina mpaka wake. Pale ambapo filamu husema lugha ambayo ukumbi hauijui, jirani anayenong'ona hamwibii mtu neno. Huenda yeye ndiye anayelileta.

Vijiji vingi vya Afrika Mashariki vilikutana na sinema iliyohitaji kuelezwa namna hiyo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri huko Tanganyika, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzipeleka vijijini kwa lori, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizofikiwa. Maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, kwa santuri au kwa mtu aliyeshika kipaza sauti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari ya sinema ya serikali yaliendelea na kazi hiyo katika viwanja vya shule na masoko. Chini ya mti, pazia likipeperushwa na upepo, sheria ya ukimya haikuwa na mahali pa kushika.

Katika miji ya pwani majumba yalikuwa ya fahari, lakini desturi haikuwa mbali na hiyo. Filamu za Kihindi kama Awaara ya 1951 na Mother India ya 1957 zilijaza kumbi za Unguja na Mombasa bila tafsiri ya Kiswahili. Aliyekwisha kuiona filamu mara ya pili au ya tatu alimweleza jirani yake kinachokuja, na wimbo ulipoanza waliouhifadhi waliuimba, hata kama Kihindi chao kiliishia kwenye wimbo huohuo. Watu walilia kwa sauti, wakamzomea mkwe katili, wakatoka na mjadala uliofika nyumbani.

Katika majumba ya Kenya kulikuwa na dakika moja ambapo wote walinyamaza: wimbo wa taifa ulipopigwa kabla ya filamu na watazamaji wakasimama wima. Tana River ina hisa yake katika dakika hiyo. Sauti ya wimbo huo, ulioandaliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Wimbo wa mama wa kando ya mto ndio ulionyamazisha majumba ya Nairobi. Kisha taa zilizimwa, na ukumbi ukarudia sauti yake.

Kanda za video zilipoenea kuanzia miaka ya 1980, sinema iliingia vijijini bila jumba. Tanzania vyumba vya kuonyeshea kanda hizo viliitwa vibanda umiza, jina linalotosha kueleza viti vyake. Uganda neno kibanda lenyewe likawa jina la ukumbi wa video. Pamoja na kanda alirudi msimulizi wa zamani. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, aliyetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kutia chumvi palipohitaji chumvi. Kampala ilizaa kundi zima la wasimulizi waitwao VJ. Kenya ilimpata DJ Afro, ambaye sauti yake imesafiri kwa kanda, sidii na sasa simu, hadi mahali ambapo kibanda ndicho ukumbi pekee.

Msimulizi wa aina hii hatafsiri neno kwa neno. Humpa adui jina la utani, humkemea stelingi anayezubaa, huutolea mtaa wa Hong Kong mfano wa mtaa wa Nairobi. Hutaka kujibiwa. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alikwenda hatua moja zaidi: katika filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, sauti ya VJ Emmie imetiwa ndani ya filamu yenyewe, ikicheka na kuchochea tangu mwanzo hadi mwisho. Kelele ya kibandani imekuwa sehemu ya kazi ya sanaa.

Anayeshangaa kwa nini watu wa pwani na wa mtoni walilipokea jambo hili bila kufundishwa na atazame desturi zilizotangulia runinga. Msimulizi wa ngano hasemi paukwa akaendelea, hungoja pakawa. Asipojibiwa, hadithi haianzi. Katika taarab, shabiki aliyeguswa na ubeti huinuka akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu wote, na hakuna anayemwambia aketi. Kimya cha hadhira, katika sanaa hizi, ni dalili kwamba msanii hajafika.

Hata shujaa wa eneo hili aliokolewa na kelele. Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yanamweka Kipini, Ozi na Shaka, kwenye mlango wa mto Tana, alifungwa na mtawala wa Pate akingojea kuuawa. Mjakazi Saada alimletea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya kuagana na dunia, na watu wakacheza gungu. Ngoma, matari na vigelegele vilipopamba moto, yeye alikuwa akikata pingu, na sauti ya chuma haikusikika.

Kisa hicho husimuliwa kwa kumsifu Liyongo, lakini kina upande wa pili. Walinzi walikuwapo. Walikuwa na masikio. Kilichotendeka mbele yao hawakukisikia, kwa kuwa kelele ilikifunika. Kelele ileile iliyomfaa mmoja iliwapoteza wengine, na hapo ndipo penye kipimo cha jambo hili lote: ipo kelele inayofuata picha, na ipo kelele inayoifunika.

Kelele inayofuata picha huzaliwa na kilicho kwenye skrini na hufa nacho. Goli limeingia, watu wameruka. Stelingi ameamka, watu wamepiga makofi. Picha ikitulia, nao wametulia. Mtazamaji wa namna hii anatazama kwa bidii kuliko aliyekaa kimya huku akichezea simu. Februari 2018, Black Panther ilipoonyeshwa Kisumu kwa mara ya kwanza, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa wachezaji wake, onyesho liligeuka sherehe, na sherehe hiyo ilikuwa juu ya filamu yenyewe. Kelele inayoifunika huanzia kwingine: simu inayojibiwa kwa sauti, mlevi anayetaka kutazamwa yeye, vijana wanaosimulia mwisho wa kisa ili kuwaharibia wenzao, fataki za Malegaon. Hiyo haina uhusiano na filamu, hata ikipigwa wakati filamu inaendelea.

Mpaka kati ya kelele hizo mbili unawagusa pia watu walio nje ya kibanda. Kuta za mabati hazizuii sauti. Nyumba ya jirani ina mtoto mchanga na mwanafunzi anayesoma, na msikiti hauko mbali na soko. Usiku wa Ramadhani watu wako katika tarawehe. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaweka viwango vya chini zaidi usiku kuliko mchana. Haki ya kushangilia ni ya aliyelipa kiingilio. Jirani hakulipa wala hakualikwa. Kwa jambo hili spika ina kosa kubwa kuliko koo la mtazamaji, na kitufe cha kupunguza sauti kiko mkononi mwa mwenye kibanda. Yeye pia ndiye mwenye wajibu kwa watoto, kwa kuwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya hupanga filamu kwa umri, lakini mlangoni hakuna ofisa wake.

Kuna pia kelele inayomlenga mtu badala ya picha. Mapigano ya 2012 na mwanzo wa 2013 katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, na Septemba 2012 serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku. Mahali palipopitia hayo panajua thamani ya benchi moja ambapo Mworma, Mpokomo, Mwardei na Mgiriama hushangilia goli moja. Benchi hilo huvunjika mara tu mzaha unapoacha kumwandama adui wa kwenye skrini na kumgeukia jirani kwa kabila lake. Mwenye kibanda asiyelikemea neno la namna hiyo amelipia umeme wa ugomvi.

Linabaki jambo moja ambalo mashabiki wa kelele hawapendi kulisikia. Ikiwa ukumbi ulikuwa na haki ya kusema kwa sababu filamu ilisema lugha ya kigeni, haki hiyo hupungua filamu inaposema lugha ya ukumbi. Filamu za Kenya sasa zipo. Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inamhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa kama wale wa kwenye muvi, na wahusika wake husema Kiswahili. Ndani yake mna kibanda cha video na kelele zake zote. Hata hivyo mna maneno ya mama na binti ambayo yakifunikwa, filamu imepotea. Filamu ya kung'fu inavumilia makelele kwa saa nzima. Filamu ya namna hii haivumilii hata mnong'ono katika dakika zake za mwisho. Mtazamaji aliyezoea kumjibu msimulizi itambidi ajifunze pia kumngoja mhusika.

Hukumu, basi, haiwezi kuwa moja kwa kila usiku. Mpira, kung'fu na filamu iliyosimuliwa na DJ ni mali ya ukumbi mzima, na anayetaka kimya usiku huo amekosea mlango. Filamu yenye mazungumzo ya Kiswahili, au ya kufunza afya na amani, inadai masikio kwanza na makofi baadaye. Ubaya huingia pale watu wawili wanapolipa kiingilio kimoja, kila mmoja akitarajia usiku wake. Bei huandikwa kwa chaki ubaoni mlangoni. Ubao huohuo una nafasi ya neno moja zaidi: leo kushangilia, au leo kusikiliza.