UCHANGANUZI: Chokaa haiwezi kuokoa mahindi yaliyokwisha kuchanua

KILA mwaka mvua ya masika inapoanza, mjadala kuhusu mbolea hutawala maeneo ya Trans Nzoia, Uasin Gishu, Bungoma na Kakamega. Hata hivyo, mjadala huo huegemea bei pekee na kusahau masuala mawili yanayoamua kiasi cha mavuno: asidi ya udongo na wakati wa kutia mbolea.

Serikali ilipunguza bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi Sh3,500 mnamo 2022, kisha Sh2,500 mwaka wa 2023. Mwaka uliofuata, sakata ya mbolea duni ilitikisa mpango huo. Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumtimua aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, Mei 2024, kabla ya kamati maalumu kumwondolea lawama.

Lakini hata mbolea halali haifui dafu katika udongo wenye asidi nyingi. Kipimo cha pH kinaposhuka chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, nayo fosforasi hunaswa udongoni. Mkulima hujiona amelisha mimea yake, ilhali chakula hicho hakiifikii.

Ajabu ni kwamba mbolea yenyewe huchangia tatizo hilo. DAP, ambayo imezoeleka kwa upanzi, huongeza asidi inapotumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa. CAN ina afadhali kwa kuwa imechanganywa na chokaa, ingawa kiasi hicho hakitoshi kutibu shamba lililochoka.

Kosa kubwa hutokea msimu ukiwa umesonga. Mahindi huhitaji naitrojeni kwa wingi kuanzia yanapofika magotini hadi yanapotoa mbelewele. Kufikia hapo, sehemu kubwa ya naitrojeni huwa imekwisha kufyonzwa. Mkulima anayepata mbolea ya kukuzia baada ya hapo, iwe ni kwa kukosa fedha au kwa kuwa bohari lilikuwa tupu, huambulia majani ya kijani badala ya punje. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupotelea hewani.

Chokaa nayo hufanya kazi polepole. Inafaa ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kuimwaga kati ya mistari ya mahindi yaliyochanua ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa hivyo, ruzuku itakuwa na maana iwapo itaandamana na upimaji wa udongo mara baada ya mavuno, chokaa kupatikana mapema, na mbolea ya kukuzia kufika mashinani kabla ya Juni kwisha. Bila hayo, mlipa ushuru ataendelea kugharamia mbolea isiyogeuka kuwa unga, naye mkulima atabaki kuhesabu hasara. Majuto ni mjukuu.