Kosmosi katika Shamba la Lengalenga

Mwaka jana, hapa Lubumbashi, tulimwomba mama wa watoto kipande cha shamba lake la lengalenga, tupande kosmosi ya njano, ua laini la mwaka mmoja. Alitupa. Tukatia samadi tele, tukapanda kwa kamba, mistari kama askari. Mimea ikatufikia mabegani, majani mengi, maua haba, na mashina yale membamba yakavunjwa na upepo wa siku moja. Alituuliza kwa upole kama hayo ndiyo maua yaliyowanyima watoto mboga.

Kosa lilikuwa letu. Asili ya ua hili ni Mexico, nalo huchanua vema katika udongo hafifu. Safari hii tulingoja mvua za Novemba zishike, tukatawanya mbegu penye jua kutwa, kati ya majani mafupi, bila samadi, tukazifunika kwa udongo wa sentimita 1 tu. Baada ya miezi 2 kipande chote kiling'aa, kama pori lililojipamba lenyewe.

Jihadharini na palizi! Miche yake hufanana na kishona-nguo, nayo ni ya jamaa moja. Tuling'oa mingi, sisi tunaofundisha watoto mfano wa magugu katika ngano! Wala msipande karibu na mlango: majani huficha nyoka, hapo afadhali pafagiwe.

Maua ya mwisho msiyakate. Yakauke, mbegu zianguke zenyewe, nazo zitaota mvua zirudipo. Nusu ya kipande tumemrudishia mama wa watoto. Lengalenga zimekwisha kuota.