Mawingu ya Wizi Hayatufai

Wenzangu wananicheka kwa kutengeneza mawingu kwa Blender. Kwao, asiye na Houdini au Terragen hajui kazi. Nami nawauliza: hizo zenu mmezinunua wapi? Matoleo yake ya bure yapo, lakini hayaruhusu kuuza kazi, ndiyo maana mnakimbilia flashi za mitaani zenye programu zilizovunjwa kufuli. Flashi moja ya hivyo ilinijazia kompyuta virusi wiki ya mtihani. Na kazi ya programu ya wizi utamwuzia nani bila woga?

Blender ni programu huria tangu 2002. Flow, filamu iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwayo. Wingu haliwi la kweli kwa jina la programu. Linakuwa la kweli pale mwanga unapoingia ndani, ukagonga matone mara nyingi, kisha ukatoka. Punguza idadi ya migongano hiyo, utapata moshi wa makaa. Iongeze, wingu linang'aa. Ni kazi ya polepole, sikatai, na umeme wa Bujumbura haumngoji mtu. Kwa hiyo natoa picha moja moja, si video nzima. Umeme ukikatika, naendelea nilipoishia.

Jioni tokeni nje mtazame mawingu juu ya milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa. Nani kati yenu amewahi hata kujaribu kuyatengeneza hayo?