Kabla ya Kumeza Bomba, Sema Ulikulia Ziwani

Wengi wetu moyo ukisumbua tunapimwa altrasaundi ya kifuani, unapakwa jeli na basi. Lakini picha isiposomeka vizuri, au valvu ikitiliwa shaka (na wangapi kwetu waliumwa mafindofindo utotoni yakaishia kwenye moyo?), daktari wa hapa Uingereza anaweza kutaka kupima kupitia umio. Unapuliziwa ganzi kooni, unapewa dawa ya kusinziisha, unamezeshwa bomba lenye altrasaundi kwenye ncha. Umio unapita nyuma kabisa ya moyo, kwa hiyo mbavu na mapafu havizibi picha.

Kipimo chenyewe sikiogopi. Ripoti ya vituo 15 vya Ulaya ya mwaka 1991 ilihesabu vipimo 10,419: kifo kimoja, na mara 201 bomba lilikataa kuingia. Mimi nalalamikia fomu.

Fomu niliyoiona inauliza ini na pombe. Mtu wa Mwanza au Kisumu asiyegusa pombe anajibu hapana, hapana, anasaini. Hakuna anayemwuliza kama alikua akiogelea ziwani! Kumbe kichocho cha tumbo kikikaa miaka bila dawa, mayai yake yanaacha makovu kwenye ini, damu inakosa njia, inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ndani ya umio. Mwenyewe anaweza kujiona mzima tu, anabeba boksi kama kawaida. Bomba likikwaruza hapo, damu inaweza kumwagika nyingi. Na daktari ambaye hajawahi kuona kichocho atakuwa wa kwanza kushangaa.

Sisi nasi tuna letu. Mbele ya daktari tunaitikia yes, yes, eti heshima. Halafu Kiswahili chetu cha kila siku, koo ni koo tu, iwe panapowasha mafua au kule chini ugali unapokwama. Usiseme koo linasumbua. Onyesha kwa kidole chakula kinapogoma. Kiingereza kikigoma pia, omba mkalimani, hospitali za serikali hawakutozi.

Wapo watakaosema unajitafutia kucheleweshwa. Sawa, utacheleweshwa: huenda wakaangalia umio kwanza kwa kamera, au wakatafuta kipimo kingine. Mimi naona afadhali. Na kama uliwahi kutapika damu, hata mara moja, hata miaka kumi iliyopita, hilo liseme kabla hujaulizwa jina.