Watoto Wasomeshwe Karatasi ya Mshahara



Siku hizi katika kila mkutano wa wazazi twasikia neno lile lile, kwamba shule zifundishe mambo ya maisha, si vitabu tu. Neno hili ni jema na mimi silipingi. Lakini yafaa tuulize: maisha ya nani? Mtoto wa fundi wa karakana na mtoto wa mtu wa genge la njia, wengi wao maisha yanayowangoja ni ya kuajiriwa, na juu ya jambo hilo shule husema machache sana.

Wala neno hili si geni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, ikashauri Mwafrika afundishwe ukulima, kazi za mikono na usafi wa nyumbani. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete kwa kazi hiyo. Mafundisho yenyewe hayakuwa mabaya, lakini wazee wetu wengi waliyashuku, nao walikuwa na haki. Waliona mtoto afundishwa kushika jembe na randa, wala hafundishwi mkataba, na shingoni mwa baba yake chaning'inia kipande.

Mtoto wa 8-4-4, iliyoanza 1985, naye alilima shamba la shule na kushona vitambaa, mpaka masomo hayo yakapunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa mtaala mpya, ulioanza madarasa ya chini 2019 na kufika Gredi ya 7 mwaka 2023, umeyarudisha kwa nguvu. Wazazi wa landhi wanajua, kwa maana jioni ndipo hutumwa manila na gundi. Sicheki. Kijana anayejua kupika na kushona kifungo hana hasara. Lakini kifungo hakitamsaidia mbele ya karani wa mishahara.

Twaa mtu apataye Sh. 20,000 kwa mwezi. NSSF ni 6 kwa mia, yaani Sh. 1,200. Bima ya afya ya SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, ni 2.75 kwa mia, yaani Sh. 550. Kodi ya nyumba ni 1.5 kwa mia, yaani Sh. 300. Jumla Sh. 2,050, abaki na Sh. 17,950. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita aiweza. Tena mwajiri atoe mfukoni mwake Sh. 1,200 nyingine za NSSF na Sh. 300 nyingine za nyumba. Kwa SHIF yeye haongezi kitu. Basi mtu wa mshahara huo akiona kwenye karatasi amekatwa Sh. 600 za nyumba, ajue kwamba amelipishwa na fungu la mwajiri.

Sheria ya Kazi ya 2007 yasema kila makato yaandikwe na kuelezwa, na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwalimu hufundisha theluthi kwa machungwa. Mbona asiifundishe kwa mshahara, ili kijana ajue kwamba katika Sh. 20,000 hata mkopo wa aina gani haufai kumwachia chini ya Sh. 6,666? Na mikopo ya simu je? Ukikopa Sh. 10,000 kwa riba ya 10 kwa mia kila mwezi, ukalipa riba tu, baada ya mwaka umetoa Sh. 12,000 na deni lingali pale pale.

Nimeona jambo baya kuliko hayo. Kibarua mmoja wa kontrakta, kijana aliyemaliza shule vizuri, alipondwa vidole na reli tulipokuwa tukibadili mataruma. Akapewa pesa za chai na nauli, akaambiwa apumzike nyumbani. Alipokuja kuuliza habari za fidia, ulikuwa umepita mwaka na miezi. Sheria ya fidia ya 2007 humpa mtu miezi 12 kuleta dai lake. Kijana huyu ajua mito mirefu ya Afrika yote kwa majina. Hakuna aliyemwambia habari za miezi 12, na vidole viwili havikunjiki tena.

Wako watakaosema kwamba hii ni siasa ya chama kuingia darasani. Si kweli. Sheria hizi zilipitishwa na Bunge, kama zile za barabara ambazo watoto hufundishwa bila mtu kulalamika. Wengine watasema mwalimu amelemewa tayari. Hapo wana neno, na kwa hiyo sipendi tumtwike mwalimu somo jipya na mtihani wake. Kipindi kimoja kwa muhula chatosha kuanza, ndani ya hesabu au masomo ya jamii.

Katika kamati za shule zilizo karibu na stesheni wamo wazazi ambao ni wanachama wetu. Naomba katibu wa kila tawi awaandikie walimu wakuu barua, aombe kipindi hicho kwa Gredi ya 9. Atakayekwenda achukue karatasi yake ya mshahara, afunike jina na namba, watoto wapige hesabu wenyewe na kuona kama karani amekosa. Mimi niko tayari kwenda siku yoyote nisipokuwa zamu.