Dakika ishirini za Korogwe na hatima ya miji ya njiani

Na Mwandishi Wetu

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam waliokulia katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, safari ya Desemba kwenda kwa babu na bibi haikupimwa kwa kilomita. Ilipimwa kwa vituo. Chalinze ndipo mtoto alipoanza kuuliza kama wamefika. Segera ndipo machungwa yalipoingia kupitia dirishani, Korogwe au Mombo ndipo familia nzima iliposhuka kula, na Same ndipo watoto walipoamshwa waitazame milima ya Upare.

Kumbukumbu hizo husikika zaidi mwisho wa mwaka, Wachaga wanapofungasha mizigo kwenda "kuhesabiwa". Watu hutaja wali kwa nyama ulioliwa huku honi ikilia, mayai ya kuchemsha na chumvi yake iliyofungwa katika kipande cha gazeti, na kondakta aliyetangaza dakika ishirini akimaanisha kumi.

Wanaokumbuka hayo, hata hivyo, ni nadra kujiuliza vituo vile vilitokana na nini. Havikuzaliwa na ukarimu wa wenyeji peke yake. Vilizaliwa na amri ya Serikali, uduni wa magari na barabara iliyopita katikati ya mji.

Amri ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko vyote. Serikali ilipopiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku katika miaka ya 1990, kutokana na ajali, ilijikuta imepanga ratiba ya chakula ya nchi nzima bila kukusudia. Mabasi ya mikoani yalilazimika kuondoka Ubungo alfajiri, karibu yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yalifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na abiria wake waliona njaa kwa wakati mmoja. Mwenye hoteli wa Korogwe hakuhitaji tangazo. Alijua kwamba kabla ya adhuhuri au muda mfupi baadaye mabasi kadhaa yangeingia kwa mfululizo, na aliweka sufuria jikoni kwa hesabu hiyo. Kwa mabasi ya Mwanza na Bukoba, ambayo hayakuweza kumaliza safari kwa siku moja, amri hiyo hiyo iliijazia miji ya njiani wageni wa kulala.

Magari nayo yalichangia. Basi lisilo na choo lilihitaji kusimama, na pale ambapo mji ulikuwa mbali dereva alisimama porini ili abiria "wakachimbe dawa", wanaume upande mmoja wa barabara na wanawake upande mwingine. Neno hilo limebaki katika Kiswahili chetu hata kwa vijana ambao hawajawahi kushuka porini.

Tusiyapambe mno mambo hayo. Chakula cha njiani mara nyingi kilikuwa ghali kuliko cha mjini, kwa kuwa abiria hakuwa na pa kwenda kwingine. Dereva na kondakta walikula bure katika hoteli waliyoichagua, na gharama ya sahani zao ilikuwa ndani ya bei ya sahani zetu. Choo kililipiwa na bado kilitisha. Mchuuzi alikimbia sambamba na basi akidai fedha yake, na safari nyingine abiria ndiye aliyebaki akiidai chenji iliyoachwa nyuma kilomita kumi.

Mpangilio huo sasa unabomoka kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja.

Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku. Kwa msafiri na mfanyabiashara wa mjini ulikuwa uamuzi mwema, kwani siku nzima ya kazi iliokolewa. Lakini basi linalopita Korogwe saa nane usiku halimkuti mama mwenye beseni la mahindi. Linakuta kituo cha mafuta chenye taa, mlinzi na duka. Biashara ya njiani haijafa kwa sababu hiyo, ila ni rahisi kuona inakoelekea. Inaondoka mikononi mwa wenye beseni na kwenda kwa wenye mtaji wa kuwasha taa hadi asubuhi.

Mwaka uliofuata ikaja treni ya umeme. Safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 14, 2024, na za Dodoma Julai 25 mwaka huo, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua rasmi huduma hiyo Agosti 1. Abiria wa Dodoma aliyekuwa akitumia sehemu kubwa ya siku katika basi sasa hutumia saa zisizozidi nne au karibu na hapo. Hana sababu ya kula njiani. Hana hata njia ya kufanya hivyo.

Hapa kuna jambo ambalo ramani hulieleza vizuri kuliko hotuba. Reli haikufuata barabara. Kutoka Morogoro barabara ya Dodoma hupita Dumila, Gairo na Kibaigwa, ilhali reli huzunguka kwa Kilosa na Gulwe. Chalinze nayo haiko kwenye reli. Maana yake ni kwamba abiria anayehamia treni hapiti tena katika miji hiyo hata kwa kuiona dirishani.

Si kila mji utaumia sawa. Kibaigwa ina soko la nafaka ambalo wanunuzi hulifuata wenyewe kutoka mbali. Mombo ni njia ya kupandia Lushoto, na peasi na plamsi za Usambara zitaendelea kushuka pale, treni iwepo isiwepo. Malori bado yapo, na mabasi ya Singida na Mwanza bado hupita Gairo. Wa kuonewa hofu ni mji ambao bidhaa yake kuu ilikuwa kusimama kwenyewe.

Majirani zetu wa Kenya walitutangulia katika hili. Mtito Andei, ulio karibu na katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, uliishi kwa miaka mingi kwa mabasi na malori. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017, wafanyabiashara wa mji huo walilalamika kwamba wateja wamepungua. Kituo cha treni walijengewa, lakini treni ya moja kwa moja haisimami hapo, na abiria wa ile inayosimama si mtu mwenye dakika ishirini za kula wali.

Wanaougulia zaidi kumbukumbu za Korogwe na Gairo ndio walioacha basi la mchana, na hawana kosa kwa hilo. Hakuna sababu ya mzazi kumkalisha mtoto saa tisa garini ili aonje yai la njiani. Isipokuwa upo uamuzi mmoja ambao kumbukumbu zao zinaweza kuufaa.

Kwa miaka kadhaa sasa umekuwapo mpango wa barabara ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze na Morogoro. Wasafiri huizungumza kwa tozo na foleni, na ni haki yao. Barabara ya aina hiyo, hata hivyo, kwa kawaida huzungushiwa uzio, na gari huingia na kutoka mahali palipochaguliwa na mchoraji. Beseni la mahindi halivuki uzio.

Kwa hiyo kabla ya kiwango cha tozo kuna swali la mahali gari litakaporuhusiwa kusimama, na ni nani atakayepangishwa nafasi hapo. Maegesho yenye choo safi, maji na vibanda ambavyo mama lishe wa Chalinze anaweza kumudu kodi yake yanachorwa kwa gharama ndogo wakati mradi ungali kwenye karatasi. Halmashauri zilizo kando ya njia hiyo zinapaswa kuyadai sasa, kwa maandishi, kabla mkandarasi hajachimba shimo la nguzo ya kwanza ya uzio.